Somo la Kumi na Mbili

Mtu akikata habari kwenye gazeti na kuibandika ukutani, ujue nusu ya kazi ya kumuuzia imeshafanyika. Hayo si maneno yangu, usije ukanisingizia. Ni ya Jethro Machogu, mzaliwa wa Birongo, na aliyasema moyoni asubuhi moja ya mwaka 1996, akiwa amesimama ndani ya duka la vinyago la Mzee Rasiklal mjini Kisii. Hakuwa na haja ya kinyago. Aliingia kujikinga na mvua.

Sasa, mtu mwingine akiingia dukani kujikinga na mvua huangalia mvua. Jethro aliangalia ukuta. Aliona picha ya mungu Ganeshi yenye shada la maua, kalenda ya benki, leseni ya biashara, na katikati yao kipande cha gazeti. Kilisema kwamba ng'ambo siku hizi makampuni yanafundisha wafanyakazi kwa kompyuta, na kwamba kompyuta hiyohiyo humwambia tajiri nani ana kipaji, nani apandishwe cheo na nani anapasha benchi moto tu. Hapo kwenye cheo palikuwa pamepigwa mstari kwa kalamu nyekundu, mara mbili.

Tusimwite tapeli mapema hivi. Hajaiba kitu bado, anasoma tu. Ni kweli kwamba kule Manga kuna akina mama waliomlipa bima ya kuku na bado wanamsubiri aje aone kuku waliokufa, lakini mambo ya Manga tuyaache Manga.

"Bwakire, Omogaka," alimwamkia mwenye duka, yaani habari za asubuhi, mzee.

"Bwakire," alijibu Rasiklal bila kuinua uso. Alizaliwa Kisii, na Ekegusii chake kilikuwa safi kiasi kwamba wauza ndizi sokoni walikuwa wameacha zamani kumsengenya mbele yake. "Unanunua, ama ni mvua?"

"Ni mvua. Lakini sasa naona mvua yenyewe ilitumwa." Jethro alielekeza kidole ukutani. "Nani alikupa hiyo habari ya kampuni yetu?"

Rasiklal alivua miwani. "Kampuni yenu?"

"Gazeti halikutaja jina. Tuliwasihi wasitaje, wateja wangetuvunjia mlango." Jethro alitoa kadi mfukoni. Ilisema: *Kipaji Programu. J. Machogu, Mkurugenzi.* Chini palikuwa na nambari ya simu ya hoteli moja anamokunywa chai. "Sisi tunatengeneza programu za kompyuta, za kufundisha watu kazini na kupima vipaji vyao. Mfanyakazi anakaa, mashine inamfundisha, inamuuliza maswali, halafu inatoa karatasi. Huyu apande. Huyu abaki. Huyu arudi nyumbani akalime."

Kadi hiyo, niseme ukweli, ilikuwa na siku mbili tu. Jethro alikuwa ameichapisha kwa sababu shirika moja la wafadhili lilikuwa likifunga ofisi, likamwachia kompyuta kuukuu na printa yake kwa gharama ya kubeba. Alikuwa na mashine na hana mteja. Na hapa palikuwa na mteja, amejibandika mwenyewe ukutani.

Rasiklal alitazama mlangoni, akatazama kule nyuma kwenye ghala, akashusha sauti. "Na mashine ikishasema, watu hawaleti maneno?"

"Wagombane na mashine? Haina masikio."

"Sikia. Niko na shida." Basi mzee akaitoa shida yake. Alikuwa akinunua vinyago vya mawe kutoka kwa wachongaji wa Tabaka na kuvisafirisha ng'ambo, na msimamizi wake wa ghala, mzee Okemwa, alistaafu Krismasi akarudi Nyamira kwa majani chai yake. Kiti kilikuwa wazi. Kila mtu ghalani alijua nani anastahili kukikalia. Lakini Rasiklal alikuwa amemwahidi mke wake, Bharti, kwamba kiti atapewa mtoto wa kaka yake huyo Bharti, kijana anaitwa Pratik. "Nikimpa mimi, ghala yote itaninunia. Mashine ikimpa..."

"Mashine ikimpa, wewe umekunja mikono, unasikitika pamoja nao."

"Are, inaweza kusikia kidogo mawazo ya mwenye duka?"

"Omogaka," Jethro alisema kwa unyenyekevu, "mashine nzuri humsikiliza yule anayelipa umeme."

Walicheka pamoja, na hapo ndipo Rasiklal aliponaswa, kwa maana mtu akishacheka na wewe ni vigumu kukuuliza maswali. Kwenye malipo alishtuka tu kidogo. Pesa taslimu, alisema, hiyo ni ugonjwa. Mawe anayo. Siku mashine itakapotoa majibu, Jethro atapewa kreti moja ya vinyago thelathini vya daraja la kwanza. Jethro akajifanya kusitasita. Moyoni alikuwa ameshafika Nairobi, kwa Andrew, mwenye duka la kuuzia watalii, anavitoa kimoja kimoja kwenye kreti na kutaja bei.

Mvua ikakatika, naye akatoka na mkataba.

Kampuni nzima ya Kipaji Programu ilikuwa mtu mmoja, koti moja na disketi mbili. Disketi ya kwanza ilikuwa na mchezo wa kufundishia watoto hesabu: mtoto akipata jibu, tarumbeta inalia. Ya pili ilikuwa tupu. Jethro aliwahi kusoma kwenye chuo cha kompyuta, kozi ya miezi mitatu, akahudhuria wiki tatu kabla ya karo kumfukuza. Katika wiki hizo tatu alijifunza kubadilisha maswali, na kuiambia mashine iandike nini mwishoni. Inatosha. Kuna watu wamejenga nyumba za ghorofa kwa elimu chini ya hiyo.

Alichokosa ni masomo yenyewe. Programu ya kufundisha kazi ya mawe inataka mtu anayejua mawe, na Jethro alijua mawe hupatikana chini. Ikabidi aende ghalani kwa Nereah.

Nereah Adongo alikuwa mtu wa ziwani aliyekuja Kisii kwa kazi na kukaa. Miaka kumi na minne alikuwa akipakia vinyago pale, na mitatu ya mwisho, wakati mzee Okemwa akisinzia kwenye kiti cha msimamizi, kazi ya Okemwa aliifanya yeye kwa mshahara wake uleule. Alipokea mizigo ya Tabaka, alirudisha mibovu, alipanga makreti, aliwagombeza wapakiaji na kuwauguza. Sasa kiti kiko wazi, na alikitaka. Hakuficha. Kiti kilikuja na ufunguo wa ghala na chumba cha nyuma chenye umeme na mfereji wa maji, na yeye alikuwa amepanga chumba kinachovuja juu ya kitanda. Lakini hata bila chumba alikitaka, kwa sababu ni chake.

"Mwalimu," alimwuliza Jethro siku ya kwanza, akimkazia macho, "hiyo mashine yako iko na jamaa?"

"Mashine haina jamaa, Mama."

"Haina kabila?"

"Haina hata tumbo."

"Basi safari hii nitapata," alisema Nereah, akatabasamu uso mzima. "Mtu hajawahi kuniuliza mimi najua nini. Hata siku moja. Keti, nikufundishe vizuri, watu wasije wakafunzwa upuzi."

Jethro alihisi kitu kikimchoma kifuani. Saa saba akala chapati mbili na maharagwe, kikapoa.

Kwa wiki tatu Nereah alisema na Jethro akaandika. Somo la kwanza, kutenganisha mawe meupe na ya rangi. Somo la tatu, kufunga shingo ya twiga kwa majani makavu ya mgomba kabla ya karatasi, si baada. Somo la saba, kiboko halali juu ya sahani, sahani ndiyo ivunjikayo. Yalikuwa kumi na mawili, na la mwisho lilikuwa la kugonga.

Nereah alitoa kwenye fundo la leso ndururu ya zamani, ile senti tano ambayo haikununua kitu tena. Akashika tembo kwa vidole viwili, akamgonga. *Ting.* Akashika tembo mwingine, pacha wake, anang'aa hata zaidi ya yule. Akamgonga. *Ko.*

"Umesikia?"

"Nimesikia nini?"

"Huyu amepasuka ndani. Watu wanaziba ufa kwa gundi na unga wa mawe, wanapaka nta juu, anakaa mzuri kama bibi harusi. Ukimsafirisha, basi likiruka kwa shimo mara mbili anafunguka." Alielekeza kichwa kwenye rafu ndefu pembeni. Ghala nzima iliiita rafu ya majeruhi. "Zile zote ni *ko*. Mzee alipunjwa akanunua mzigo mzima siku niko matanga. Miaka sita sasa. Hataki kutupa, anasema siku moja atakuja mtu. Andika, Mwalimu: usipokee jiwe kwa macho. Macho yanadanganywa na nta. Gonga, sikiliza, ndio upokee."

Jethro aliandika neno kwa neno, kwa hati nzuri. Mkono wake ulikuwa pale ghalani. Akili ilikuwa ikihesabu vinyago thelathini.

Siku moja akitoka msalani alizuiwa na kijana mwembamba mwenye shati la maua. Ndiye Pratik.

"Buda, nisaidie," Pratik alinong'ona. "Hiyo mtihani, nifelishe."

Jethro, mtu aliyeona mengi, hakuwa ameona hili. "Nikufelishe?"

"Sitaki mawe mimi! Vumbi, majani, mawe, vumbi. Rafiki yangu ananingoja Kisumu tufungue duka la kaseti. Lakini Foi na Fua hawasikii." Foi ni shangazi yake Bharti, na Fua ni mume wa shangazi, ndiye Rasiklal. "Mashine ikisema sina kipaji wataniachilia. Chukua saa yangu. Original."

Jethro aliipokea saa, akaivaa, akaipenda. "Hesabu umefeli," alisema, akimpiga bega.

Unaona sasa alivyo? Ameahidiwa kreti na Fua kijana apite, amelipwa na kijana afeli, na wiki tatu amefundishwa bure na mama anayeamini mashine haina jamaa. Mwenye aibu angekosa usingizi. Jethro alilala vizuri, akaamka, akaandika mistari miwili mwishoni mwa programu. Jina likiwa Pratik, alama tisini na nne. Jina likiwa la mtu mwingine yeyote, alama sitini na moja. Kisha, ili karatasi ionekane ya kisomi, akaongeza chini ya zile sitini na moja: rudia somo la kumi na mbili. Angeweka masomo mbalimbali, lakini chai ilikuwa inapoa.

Mtihani ulifanyika Alhamisi asubuhi. Kompyuta iliwekwa juu ya meza ya kupakia, ikafunikwa kitambaa cha sofa cha Bharti, na Rasiklal akakata utepe kwa makasi. Wafanyakazi kumi na watatu walikuja wamevaa nguo za kanisani. Walikaa mmoja mmoja, mashine ikauliza, wakabonyeza A au B au C, tarumbeta ikalia au isilie. Omwenga, mbeba makreti, alikuwa ameshusha mzigo tangu alfajiri, akasinzia katikati na kiwiko kikabaki kwenye kibodi. Sitini na moja, rudia somo la kumi na mbili. Aliamka akashukuru.

Nereah alikaa wima, ndururu imefumbatwa kiganjani. Kila swali, tarumbeta. Swali la ishirini, tarumbeta. Ghala ikampigia makofi, na printa ikaanza kukwaruza karatasi yake:

*NEREAH ADONGO. ALAMA 61. KIPAJI BADO HAKIJAONEKANA. RUDIA SOMO LA 12.*

Aliisoma. Akaisoma tena akiifuata kwa kidole. Makofi yakanyamaza moja moja.

Wa mwisho alikuwa Pratik, ambaye tarumbeta ilimlilia mara chache sana. *ALAMA 94. KIPAJI KIKUBWA. APEWE UONGOZI MARA MOJA.*

"Basi," Rasiklal alisema, amekunja mikono, anasikitika pamoja nao. "Mashine imesema. Pratik anaanza Jumatatu. Nereah, kesho saa sita mpakie Mwalimu kreti yake. Thelathini, daraja la kwanza." Akatoka haraka kuliko kawaida yake.

Nereah alikaa juu ya gunia la majani ya mgomba. Hakulia mbele ya watu. Sitini na moja aliweza kuimeza. Mtu anaweza kuanguka mtihani. Kilichomkaba ni ile kumi na mbili. Somo la kumi na mbili ni masikio yake. Halikuwako duniani kabla hajalitoa mdomoni mwake akiwa amesimama palepale. Aambiwe akalirudie?

Wenzake walipokwenda kula, Pratik alibaki. Macho yalikuwa mekundu.

"Mama, nisamehe. Sikuitaka. Mimi nilibonyeza A. Yote. Kutoka swali la kwanza mpaka la mwisho, A, A, A. Ndio nifeli!"

Nereah alimtazama. "A peke yake?"

"Haki ya Mungu."

Mama aliinuka polepole. Akaiendea kompyuta. Wiki tatu za kumfundisha Jethro zilikuwa pia wiki tatu za kutazama vidole vya Jethro, na Nereah hakuwa mtu wa kutazama kitu bure. Akaandika: *Pratik*. Akachukua kiboko wa mawe rafuni, mdogo, mzito, akamkalisha juu ya herufi A. Wakasimama wawili, wamefumbata mikono, wakimwangalia kiboko akifanya mtihani. Printa ikakwaruza. Tisini na nne. Kipaji kikubwa.

"Yawa!" alisema Nereah. Akaandika jina lake, akajibu yote sawa. Sitini na moja. Akaandika jina la Omwenga, la Bharti, la marehemu baba yake. Sitini na moja, sitini na moja, sitini na moja. Wote warudie somo la kumi na mbili, hata marehemu. Alianza kucheka, kwanza kwa pua, kisha mabega yakaingia.

"Twende tumwambie Fua sasa hivi!" alisema Pratik.

"Tumwambie nini? Atasema mashine iko na homa kidogo, na kiti kitabaki chako. Wapi." Nereah alifuta machozi kwa leso, na kicheko kikamtoka usoni. "Huyu mtu amekula maarifa yangu wiki tatu, halafu akanitemea. Kesho anakuja kuchukua mshahara. Mwache achukue." Alikuwa anatazama rafu ndefu ya pembeni.

Ijumaa saa sita Jethro alifika amejipaka mafuta. Kreti lilikuwa wazi, limetandikwa majani vizuri, na ndani vinyago thelathini viking'aa: tembo, viboko, sahani, meza mbili za chesi na askari wake wote. Alishika tembo akamwinua kwenye mwanga. Alishika sahani, akajiona uso.

"Kazi safi, Mama."

"Gonga, Mwalimu," alisema Nereah, akamnyooshea ndururu.

Jethro alicheka. "Mimi ni mtu wa kompyuta, Mama. Nagonga herufi."

"Somo la kumi na mbili linasema nini?"

"Linasema..." Alitazama saa ya Pratik. Basi la Nairobi lilikuwa linaondoka saa saba. "Linasema urudie, wewe. Si uliona karatasi?" Akacheka tena, peke yake.

Nereah hakucheka. "Mara ya mwisho, Mwalimu. Hii ndururu, na hayo masikio yako. Dakika tano."

"Funga kreti."

"Basi weka sahihi. Umekagua, umeridhika."

Aliweka sahihi yenye mikia mitatu. Omwenga akapigilia misumari, akalibeba mpaka stendi, na Mkurugenzi wa Kipaji Programu akaingia mitini kwa njia ya Narok. Kompyuta aliiacha. Hakuwa na kazi nayo tena.

Jumatatu asubuhi Rasiklal alikuja ghalani kumsimika mtoto wa shemeji yake, akamkuta Nereah amemwekea kiti mbele ya mashine.

"Mzee, wewe hukufanya mtihani. Watu wanauliza."

"Mimi? Mimi nitafanya mtihani wa nini?" Lakini alikaa, kwa maana alijua atapita, na ni nani asiyependa kupita mbele ya wafanyakazi wake? Alijibu maswali ishirini kwa madaha, tarumbeta ishirini. Printa ikakwaruza.

*RASIKLAL. ALAMA 61. KIPAJI BADO HAKIJAONEKANA. RUDIA SOMO LA 12.*

"Takataka!" aliruka juu. "Miaka thelathini na mbili nanunua mawe! Hii mashine ni mjinga!"

"Ngoja, Mzee." Nereah akaandika *Pratik*, akamkalisha kiboko kwenye herufi yake. Ghala nzima ilisogea. Kiboko akafanya mtihani bila wasiwasi, akapata tisini na nne, akapewa uongozi mara moja. Omwenga alianguka juu ya majani akicheka.

Rasiklal alitazama kiboko, akatazama karatasi, na akakumbuka malipo. "Kreti yangu," alisema. "Nereah. Vinyago thelathini. Daraja la kwanza!" Akakimbia, mzee wa miaka sitini na nne, mpaka rafu ya daraja la kwanza. Ilikuwa imejaa. Akahesabu, akahesabu tena. Hakuna hata tembo mmoja aliyesogea. Akageuka polepole kutazama rafu ya majeruhi. Ilikuwa tupu, imefagiliwa.

"Hakugonga?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Nilimpa ndururu mara mbili. Hii hapa sahihi yake."

Mzee alikaa chini juu ya gunia. Miaka sita alikuwa akisema atakuja mtu, na Bharti akimcheka, na kumbe mtu amekuja, amebeba majeruhi wote na kuacha kompyuta na printa. Uso ulianza kumfunguka. Akakumbuka jambo jingine, ukajifunga.

"Ulipaswa kuniambia Alhamisi."

"Na wewe, Mzee, ulipaswa kuniambia nani aliituma mashine imtafute Pratik," alisema Nereah. Hakuishusha sauti. "Miaka kumi na minne. Ungesema tu, Nereah, nataka kumpa mtu wangu. Ningeumia nikajua nimeumizwa na wewe. Lakini uende kutafuta mashine iniambie sijui kazi?"

Rasiklal alitafuta mahali pa kuweka macho, na ukuta wa Ganeshi ulikuwa mbali. Mwishowe aliingiza mkono mfukoni, akatoa ufunguo wa ghala na ule wa chumba cha nyuma, akaziweka juu ya meza, karibu na kiboko.

"Bharti nitamwambia nini?" aliuliza.

"Mwambie mashine ilipata homa."

"Na Pratik?"

Pratik alikuwa Kisumu tangu Jumamosi.

Sasa tumalizie Nairobi, maana huko nako Jumatatu ilifika.

Andrew, mwenye duka la watalii, alilifungua kreti mbele ya Jethro, akapiga mluzi kwa uzuri alioukuta. Jethro alikaa kwenye kiti cha wateja, mguu juu ya mguu, akataja bei. Ilikuwa bei ya mtu aliyelala hoteli siku tatu kwa mkopo.

"Ngoja," alisema Andrew. Mama yake alikuwa mtu wa Tabaka. Akatoa sarafu mfukoni, akashika tembo kwa vidole viwili.

*Ko.*

Akashika sahani. *Ko.* Meza ya chesi ilifunguka yenyewe alipoiinua, vipande vitatu, na unga wa mawe ukamwagika juu ya viatu vya Jethro. *Ko. Ko. Ko.* Andrew alifanya kazi yake bila haraka, akipanga sakafuni, mpaka akafika cha ishirini na tisa.

"Nani amekuuzia hizi?"

"Sikununua. Nimelipwa."

"Kwa kazi gani?"

Jethro alishusha mguu chini. "Kufundisha watu," alisema.

Andrew alimtazama kwa huruma ya kweli, akaingiza mkono chini ya majani kutafuta kinyago cha mwisho. Akatoka nacho, na karatasi iliyokunjwa mara nne. "Hii ni yako. Iko na jina."

Ilikuwa karatasi ya printa yenye matundu pembeni. Jethro aliifahamu kabla ya kuikunjua.

*JETHRO MACHOGU. ALAMA 61. KIPAJI BADO HAKIJAONEKANA. RUDIA SOMO LA 12.*

Aliisoma mara mbili. Alitazama saa ya Pratik, kwa sababu mtu lazima atazame kitu, akakuta ilisimama tangu Narok. Kisha akainamia kiboko wa thelathini, akamshika kwa vidole viwili kama alivyofundishwa, na akamnyooshea Andrew mkono wa pili kuomba sarafu.